Prefe Aliyekataa Kusema Mupanga

Kwetu Katoyi, mtaa wa Goma, ukitaka kumpotezea mtu asubuhi yake, mtume kwa Prefe akaazime kisu. Atarudi jua limeshapanda, amepewa somo zima, na kisu hana. Niliishi ukuta kwa ukuta na mzee yule miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kusema: mtu huyu alinichosha. Sasa nyumba yake imefungwa, binti yake amewahamishia Kampala, yeye na mkewe, Mama Prefe, na kila anayepita ananiuliza mimi habari zake. Kana kwamba nilimzaa.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani huko milima ya Masisi, sitajisumbua nayo. Mimi nilimkuta tayari akiwa Prefe. Aliongoza shule ya sekondari mpaka akapumzishwa, na maprefe waliomfuata hawakuweza kumnyang'anya jina. Hata wauza makaa wa barabarani walimwita hivyo. Alitembea mikono nyuma, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, na akikusalimu ulijikuta umesimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa kengele.

Wenzake wakipumzishwa wanafuga kuku, wanajenga kanyumba ka kupangisha, wanaimba kwaya. Yeye alitafuta visu vya zamani vya Wajapani.

Nilipomuuliza mara ya kwanza Wajapani wameingiaje Kivu, nilijuta. Alinieleza mpaka maharage yangu yakaungua. Kwa kifupi ni hivi: wakati wa vita ya wazungu, Waingereza waliwachukua vijana wa Uganda na Kenya wakawapeleka Burma kupigana na Wajapani. Waliorudi walirudi na vitu vya maofisa waliokufa au kushindwa: saa, mikanda, na visu virefu kama mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole, mpini umesukwa kwa kamba. Ni upanga mfupi hasa, na Wajapani wanauita wakizashi. Vingi vilikuwa vya kiwandani, vimepigwa haraka kwa ajili ya vita. Lakini ofisa mmoja mmoja alikuwa amebeba kisu cha babu wa babu yake, na hicho ndicho Prefe alichokitafuta. Aliamini viko vichache bado, vimelala kwenye dari za nyumba Kisoro na Kabale, wajukuu wanakatia majani ya ndizi bila kujua. Ubaya ni kwamba alikuwa sahihi. Alipata vinne. Angekosa kabisa, sote tungepumzika.

Kuviona ilikuwa ibada. Unakaa pale anapokuonyesha. Huvai pete. Hugusi chuma kwa mkono, maana jasho linaacha kutu. Na huongei, maana mate yanaruka. Ili kuhakikisha huongei, alikupa kipande cha karatasi ukibane kwa midomo. Mimi, mwanamke mzima, mwenye duka la vitenge na wafanyakazi, nimekaa kwenye salon, yaani sebule ya Prefe, na karatasi mdomoni kama mbuzi. Yeye anachomoa kisu polepole, anakielekeza dirishani, anakipangusa, anakipaka mafuta ya karafuu ambayo mimi ndiye niliyemletea kutoka Kampala. Halafu anasubiri nishangae. Nashangaaje na karatasi mdomoni?

Aliponiruhusu kuongea nilimuuliza swali ambalo kila mfanyabiashara angeuliza.

"Prefe, hii mutu anaweza kuuzisha ngapi?"

"Mama, usiniulize bei. Uniulize kama ni ya kweli."

"Haya, ni ya kweli?"

"Sasa umeuliza vizuri," akasema, na somo likaanza upya.

Na huyu mtu wa visu, nyumbani kwake kisu cha jikoni kilikuwa butu kiasi kwamba Mama Prefe alikata nyanya kwa mfuniko wa sufuria. Kunoa hakujua, wala hakutaka kujua. Kuku akichinjwa, alijificha. Kila Noeli alimwomba shoferi wangu aje achinje jogoo, na yeye anakwenda kusimama barabarani, mgongo umegeukia nyumba, anajifanya anasubiri mtu. Nilimwambia, "Visu vyako vilikata watu, Prefe, unaogopa kuku?" Akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu. Sikuelewa, na sikuomba anieleze. Nilikuwa na kazi siku ile.

Kuna jambo lingine lililonitia wazimu. Kuhusu chuma, Prefe hakusema uongo hata mara moja. Kuhusu kila kitu kingine alidanganya kama anavyopumua. Anakuambia amekula, na hajala. Anakuambia yuko njiani, na bado hajavaa viatu. Kisu chake cha kwanza nilisikia alikipata kwa padri mzungu aliyefundisha kuchora. Mwaka mwingine kikawa cha mlinzi wa shamba la kahawa. Mwaka mwingine alikikuta sokoni Gisenyi chini ya rundo la viatu. Nikamkamata: "Prefe, ni ipi sasa?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mama, hiyo ni historia yangu tu. Historia ya kisu haijabadilika."

Sasa nieleze ya mpakani Bunagana, maana ile siku nitaikumbuka mpaka kaburini.

Nilikuwa natoka Uganda na mzigo wa vitenge kwenye Fuso, na Prefe alikuwa ameomba lifti. Nilimkuta Kisoro ananisubiri, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa ndani ya shuka la mtoto. Uso wake uling'aa. Nikajua. Tulifika mpakani asubuhi. Mzigo wangu ulikuwa na karatasi zake zote, na yule kijana wa forodha alikuwa ananifahamu. Alikuwa ameshainua mkono tupite. Halafu akaona shuka.

"Muzee, iko nini mule?"

Prefe akalifungua. Kijana akacheka. "Aa, ni mupanga ya shamba. Pita."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungepita. Prefe alishuka kwenye gari.

"Hapana, mutoto wangu. Hii si mupanga."

"Basi ni kisu."

"Si kisu vile unawaza."

Kijana akaacha kucheka. "Muzee, mi niko na vitu mbili: outils na armes. Ni chombo cha kazi ao ni silaha?"

"Si chombo cha kazi. Na si silaha tena. Uandike: lame japonaise ancienne, chuma ya zamani ya Wajapani."

"Hiyo sina."

"Donc uongeze."

Nilishuka nami. Nilimvuta koti. "Prefe, nakuomba na Mungu, sema mupanga, twende!"

"Unataka nidanganye Leta, serikali?"

"Unadanganyaga kila siku kwamba umekula!"

Hakunisikia. Walimwita mkubwa wao. Mkubwa alikuja, akakiangalia, akauliza kama kinakata. Prefe akasema swali hilo halihusiki. Malori yaliyokuwa nyuma yetu yakapita. Malori ya vitunguu, ya simenti, ya bia, yote yakapita. Jua likatupiga kichwani. Wateja wangu wakapiga simu mpaka nikaizima. Mwisho nikashindwa, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha:

"Andikeni ni kitu ya dini! Muangalie vile anakishika. Si ni dini ile?"

Mkubwa akamtazama Prefe. Kijana akamtazama Prefe. Nami nikamtazama, nikisubiri aanze kueleza tofauti kati ya dini na chuma. Akarudi ndani ya gari, akaweka shuka mapajani mpaka Goma. Waliandika pembeni ya karatasi: kitu cha dini. Hajawahi kulikana neno hilo.

Mama Prefe yeye alikuwa na kesi yake mwenyewe, na ninamuunga mkono. Baada ya volkano kulipuka, asubuhi ile tulipoambiwa tuhame mji, watu wote walimiminika kwenye barabara ya Sake: magodoro, watoto, mbuzi, redio vichwani. Sisi tulikwenda kwa miguu pamoja, maana Fuso langu lilikuwa limejaa wazee na wagonjwa. Mama Prefe alibeba sufuria, unga na blanketi. Prefe alibeba sanduku la gitaa. Gitaa halikuwemo, mnajua kilichokuwemo. Tulipofika karibu na Lac Vert mvua ikanyesha, mvua ile ya kutupwa. Prefe akavua koti. Mimi nikasema moyoni, ashukuriwe Mungu, leo amemkumbuka mke wake. Akalifunika sanduku.

Mama Prefe alisimama katikati ya barabara, watu wanampita kushoto na kuume.

"Mumeona?" aliuliza, hamuulizi mtu yeyote. "Mi nikufe na mvua, chuma yake isilowe."

Nilimpa nusu ya turubai langu. Prefe alitembea mbele yetu na shati limemganda mwilini, anatetemeka, hajui hata kwamba tumekasirika. Alikohoa mwezi mzima baadaye. Ukimuuliza alisema ni vumbi.

Lakini lililonifanya nisiongee naye kwa muda mrefu ni jambo la kisu cha baba yangu.

Sisi ni watu wa Butembo. Baba alikuwa msafiri wa biashara tangu ujana, na kwenye salon yetu, juu ya picha ya Bikira Maria, kulining'inia kisu cha Kijapani alichopewa na mzee mmoja wa Kasese aliyerudi kutoka Burma. Tulikua tukiambiwa ni mali kuliko nyumba. Baba alipofariki, kaka zangu wawili waligombana juu ya kile kisu mpaka wakaacha kusalimiana kanisani. Yaya, yaani kaka yetu mkubwa, alisema ni cha mtoto wa kwanza. Mdogo alisema baba alimwahidi yeye. Mwisho wakakubaliana jambo moja: kije Goma, Prefe akiangalie, aseme thamani yake, mmoja akichukue na kumlipa mwenzake. Walikuja na mama yetu katikati yao, kama askari wawili na mfungwa.

Kabla hawajaketi nilimfuata Prefe kwake. "Nakuomba kitu moja," nikamwambia. "Ndugu zangu wamefikia kupigana. Ukikiona ni kizuri, sema. Ukikiona ni kibaya, sema ni kizuri kidogo. Watapatana, watarudi kwao."

"Nitasema chenye nitaona."

"Prefe! Mara moja tu!"

Alikuwa tayari anatafuta karatasi za kuwapa.

Basi tukakaa salon kwangu, ndugu zangu wawili na karatasi midomoni, mama naye na yake. Prefe aling'oa mpini, akaangalia sehemu ya ndani ambayo haionekani. Akageuza chuma dirishani, mbele, nyuma, tena na tena. Kisha akakilaza kwenye kitambaa na kuvua miwani.

"Chuma ni ya kweli," alisema. "Ni ya zamani sana. Fundi aliyeifua alikuwa fundi mukubwa."

Yaya akatabasamu, karatasi ikaanguka.

"Lakini imekufa."

"Imekufa namna gani?"

"Iliingia mu moto. Fundi anakipa chuma ukali wake mara moja, kwa moto na maji, na pale kwenye makali kunabakia mustari mweupe kama ukungu. Mukikirudisha mu moto, ule mustari unapotea. Hapa hakuna tena. Mutu anayejua hivi vitu hawezi kukitaka. Samahani."

Yaya aliruka. Alisema Prefe ametumwa na mdogo. Mdogo alisema ametumwa na Yaya. Wote wawili walisema nimemlipa mimi. Katikati ya kelele hiyo mama yetu alitoa karatasi mdomoni, akaikunja vizuri, akasema:

"Ni mimi."

Yaya akakaa chini.

"Baba yenu alikuwa anasafiri miezi. Bidon za mafuta, majerikeni yale, zilikuwa zinabakia, na mi nilikuwa nazikata nafanya ndoo za kuuzisha. Visu vya nyumba vilikuwa vinapinda. Kile kilikuwa hakipindi. Nilikuwa nakitia mu makala mpaka kinakuwa chekundu, kinapita mu bidon kama mu siagi." Alitutazama mmoja mmoja. "Muliwaza minerval yenu, feza ya shule, ilitoka wapi?"

Prefe ndiye aliyeuliza, kwa heshima kubwa: "Mama, bidon nyingi?"

"Ee, Prefe. Mingi sana."

Na yule mtu akacheka. Miaka yote ile nilikuwa sijamwona akicheka hivyo, mpaka machozi, mpaka akashika meza. Halafu akarudisha mpini, akakiinua kisu kwa mikono miwili na kumkabidhi mama yetu. "Basi ni cha huyu," aliwaambia kaka zangu. "Ni yeye tu alikitumikisha."

Yaya aliondoka bila kula. Kupatana? Hawakupatana. Mwaka uliofuata waligombania kiwanja. Mimi nilimfungia Prefe mlango wiki nyingi, na kila nilipomsikia akikohoa nyuma ya ukuta nilikasirika upya, kwa sababu neno moja la uongo, dogo tu, lingetupa sherehe ya amani. Mama yangu aliponipigia simu kutoka Butembo nilimlalamikia. Akaniambia, "Mwanaume ule angekuwa bwana yangu ningemutupa mu ziwa." Lakini kila mavuno alimtumia maharage, gunia kwa jina lake, na mimi ndiye niliyelazimika kumpelekea. Ndivyo tulivyoanza kusalimiana tena.

Vita ilipoingia mjini mwaka jana, tulimwomba sote avitupe vile vyuma. Watu wenye silaha walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta bunduki, na sisi tulisema vitu vya Prefe vitatuponza mtaa mzima. Akakataa. Walipoingia kwake walivikuta mezani, amevipanga yeye mwenyewe juu ya kitambaa cheupe. Mama Prefe ananiambia alianza kuwaeleza. Alianza na Burma. Walivumilia kidogo, wakachukua simu yake na panga la Mama Prefe la kukatia kuni, wakaondoka. Kwa hiyo walichukua kile kimoja kilichokuwa na kazi.

Nilimwona mara ya mwisho asubuhi waliyosafiri. Aliniita juu ya ukuta, na nilidhani ni kuaga. Gari la binti yake lilikuwa nje, mizigo imefungwa juu. Nikamkuta amekaa dirishani, mahali pale pale, na kimoja cha vile visu kimevuliwa mpini. Kilikuwa kile alichokipenda kupita vyote, alichokipata kwa mjane wa Kabale, chenye jina la fundi limechongwa kwenye chuma kinachofichwa na mpini.

"Mama, keti. Nataka macho yako."

Ndipo nilipomtazama vizuri. Katikati ya macho yake kulikuwa na weupe, kama maziwa yaliyomwagika kwenye chai. Sijui alikuwa haoni tangu lini. Muda wote alikuwa akisema anaona vizuri, na sisi tulikuwa tumemwamini.

"Siku nilikipata, nilikuwa na furaha mingi," alisema. "Na nilikuwa tayari sioni sawasawa. Jina hili ni la fundi mukubwa sana. Wengi walikuwa wanaliiba. Angalia pale wamechonga. Kutu ya ndani ya maandiko na kutu ya inje, ni moja?"

Nilikichukua kwa kitambaa, nikakielekeza kwenye mwanga. Nje ya maandiko kutu ilikuwa nyeusi, laini, kama sufuria ya bibi. Ndani ya maandiko ilikuwa nyekundu. Hata mtoto angeona. Nilielewa maana yake bila kuelezwa: jina lilichongwa baadaye.

Mimi ni mfanyabiashara. Nimewaambia wateja rangi haitoki, na ninajua inatoka. Mbele yangu alikuwa mzee kipofu nusu, anahama mji wake, na kitu kimoja tu cha kumfurahisha mkononi.

"Ni moja, Prefe," nikasema.

Honi ikalia nje. Binti yake akaita, "Papa! Tunachelewa mupaka!" Yeye akabaki ameinamisha kichwa upande wangu, anasubiri, kwa ule utulivu wake wa darasani uliokuwa ukinikera kuliko kelele.

"Angalia tena," akasema.

Ningempiga. Naapa ningempiga.

"Inje ni nyeusi," nikasema. "Ndani ni nyekundu."

"Nyekundu ya kweli?"

"Ya kweli, Prefe."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Akanyoosha mkono, akakiomba kisu, akakipapasa kwa kitambaa mahali penye jina, kama anayemfuta mtoto uso.

"Niliwaambia watu wengi ya kwao," alisema. "Ya kwangu hakuna mutu alikuwa ananiambia. Aksanti, Mama."

Hakuwahi kuniambia aksanti kabla ya siku ile, hata kwa mafuta ya karafuu. Honi ikalia tena, ndefu. Mama Prefe akatokea mlangoni na mkoba begani, akatuangalia sisi wawili, akatingisha kichwa, akakaa juu ya sanduku kusubiri.

Prefe alirudisha mpini mahali pake, akakiweka kando. Kisha akapapasa meza mpaka akapata kingine.

"Haya," alisema. "Sasa tuangalie hiki."